Dawa ya Baba si sumu, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Miezi miwili iliyopita gazeti lako lilichapisha habari ya dawa za saratani zinazoifanya seli yenye ugonjwa ijimalize yenyewe. Nilifurahi kuiona, kwa kuwa mambo ya seli hayapewi nafasi mara nyingi kwenye kurasa za magazeti yetu. Ila kichwa cha habari kilisema "Sumu mpya yateketeza saratani", na humo ndani neno sumu limetajwa mara saba. Nimehesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yangu: huu ni mwaka wa kumi na tisa nakaa mbele ya hadubini katika maabara ya damu, nahesabu seli nyeupe moja baada ya nyingine.

Naandika kwa ajili ya neno hilo moja, kwa sababu lilimkalisha baba yangu siku nne bila dawa.

Baba ana miaka sabini na mitatu. Ana lukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya damu ya watu wazima ambayo kwa wengi hutembea taratibu: seli nyeupe za aina moja huongezeka kwenye damu, kwenye uboho na kwenye tezi mpaka nyingine zinakosa nafasi. Kwa miaka mitano alikuwa akipimwa tu bila kutibiwa, na kwa ugonjwa huu hilo ni jambo la kawaida. Mwaka huu tezi za shingo zilivimba hata kola ya shati ikawa haifungiki, jasho la usiku likawa linalowesha shuka, na daktari wake akaamua aanze dawa ya vidonge iitwayo venetoclax. Alilazwa kwa ajili ya dozi ya kwanza. Vidonge viwili vidogo vya duara, vya manjano iliyopauka, vilikuwa kiganjani mwake, na gazeti lako lilikuwa juu ya kitanda.

"Mwanangu," akasema, "wewe umeniambia dawa. Hawa wameandika sumu. Sumu haichagui."

Akamrudishia muuguzi vidonge, tukarudi naye nyumbani.

Simlaumu hata kidogo. Alimuuguza mdogo wake aliyekuwa anapewa kemo, akaona nywele zinang'oka kwa mafungu na mdomo unachubuka hata maji hayapiti. Kwake yeye neno sumu lina sura ya mtu anayemfahamu. Na ni kweli kwamba kemo za zamani hushambulia seli zinazogawanyika upesi, ziwe za saratani, za mizizi ya nywele au za utumbo. Zimeokoa watu wengi sana, wala sizisemi vibaya. Lakini vidonge vile viwili vinafanya kazi ya namna nyingine, na habari yenu iliwaondolea wasomaji nafasi ya kuijua.

Siku ya tatu nilimwomba mkuu wangu wa kazi ruhusa, nikamkalisha Baba kwenye kiti changu. Nilikuwa nimepaka tone la damu yake kwenye kioo na kulitia rangi. Nikamwekea lenzi sawa, nikamwambia aangalie asiharakishe. Zilikuwa zimejaa uwanja mzima: limfosaiti ndogo za duara, kiini cha zambarau nzito kimejaza karibu seli yote, kina mabaka mabaka kama mpira wa miguu. Katikati yao kulikuwa na madoa yasiyo na umbo, mabaki ya seli dhaifu zilizopondeka wakati damu inapakwa. Mtu wa maabara akiona madoa yale mengi huanza kuufikiria ugonjwa huu hata kabla ya kuhesabu.

"Zinafanya nini hizi?" akauliza.

"Hazifanyi kitu, Baba. Zimekaa tu. Muda wao wa kuondoka umepita, nazo haziondoki."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kama seli ina muda wa kuondoka. Hapo ndipo nilipoona pengo. Kama mtu hajui kwamba seli nzima, yenye afya, hufa kwa mpango wa mwili wenyewe, dawa ya kuamsha kifo hicho hawezi kuielewa, na neno sumu litamtosha.

Nikamwambia atazame vidole vyake. Mtoto akiwa tumboni, mkono huanza ukiwa bapa kama kasia. Seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa zamu yake, na vidole vinaachana. Damu nayo ni hivyo hivyo: kila siku mabilioni ya seli huondoka mwilini bila homa, bila usaha, bila sisi kujua. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikiandikia makala kifo hiki na kukipa jina la Kigiriki, apoptosis, lenye maana ya majani kudondoka mtini, au petali kutoka kwenye ua. Sisi tunalo neno hilo tayari, Ndugu Mhariri. Ni kupukutika. Najua tunalitumia pia watu wanapokufa kwa wingi, na huenda mtu akasema linatisha. Lakini jani likipukutika mti haujaumizwa, na picha hiyo ndiyo walioliita hivyo waliitaka.

Nilikuwa na kioo kingine cha mafunzo chenye seli zilizoanza kupukutika, nikamwonyesha. Seli iliyochomwa na sumu au kukosa hewa huvimba, hupasuka na kumwaga vilivyomo, na jirani zake huwaka uvimbe. Inayopukutika husinyaa. Kiini hujikunja kikawa kidonge cheusi, kisha hukatika vipande vipande. Utando wa nje hutoa malengelenge, halafu seli yote hujigawa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli walaji huja kuvimeza kabla chochote hakijamwagika. Nimeviona vifurushi vile mara nyingi na bado kila nikiviona nasimamisha kazi kidogo. Baba alivitazama kwa jicho moja, kisha jingine. Akasema, "Kama mtu anayekunja virago."

Maneno hayo ya mzee wangu yana sayansi nyingi kuliko kichwa chenu cha habari.

Wasomaji wako wangependa kujua pia namna jambo hili lilivyogunduliwa, na mimi nitagusa kidogo tu. Kuna mnyoo mdogo wa milimita moja, mwili wake unaonyesha mpaka ndani, na kila seli yake imefuatiliwa tangu yai. Hutengeneza seli za mwili 1,090, na 131 kati ya hizo hufa, zile zile, kwa saa ile ile, kila mnyoo. Zinabaki 959. Robert Horvitz alitafuta jeni zinazoamuru vifo vile na inayovizuia; yeye na Sydney Brenner na John Sulston wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Upande wa pili, katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa saratani ya tezi za limfu waliona kromosomu ya 14 na ya 18 zimebadilishana vipande, na mahali palipoungana pana jeni iliyowashwa kupita kiasi. Wakaiita BCL-2. Kila mtu alidhani inahimiza seli zigawanyike. Mwaka 1988, mjini Melbourne, David Vaux akiwa na Suzanne Cory na Jerry Adams walizinyima seli kichocheo kinachozifanya ziishi. Za kawaida zikafa. Zenye BCL-2 nyingi hazikugawanyika hata kidogo, lakini zilibaki hai. Hivyo saratani inaweza kuanza kwa seli kukataa kufa tu, hata kama haina haraka ya kuzaliana. Mwaka 1992 jeni hiyo ya binadamu iliwekwa ndani ya yule mnyoo, ikazuia vifo vya seli zake. Mashine moja, mnyoo na mtu!

Sasa nieleze mashine yenyewe, maana hapa ndipo neno sumu linapoanguka. Ndani ya seli kuna protini za kutoboa mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu vya seli; zinaitwa BAX na BAK. Zikishatoboa, vitu vinavuja kutoka ndani na kuwasha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo hukata seli kipande kipande kama nilivyoonyesha kwenye kioo. Kuna protini nyingine za kuamuru kutoboa, mojawapo ni BIM. BCL-2 kazi yake ni kuwashika hawa wote mikono. Ina mfuo mrefu juu yake, na BIM akija anakamatwa ndani ya mfuo huo asitoke. Seli za ugonjwa wa Baba zimejaa BIM waliokamatwa. Maana yake zinaishi zikiwa zimebeba amri ya kifo chao tumboni, imezuiwa na mkono mmoja tu.

Venetoclax huingia kwenye ule mfuo na kukaa hapo. Mkono unafunguka, BIM anaachiwa, mitokondria zinatobolewa, na ndani ya saa chache seli inakunja virago. Kifo hakikuletwa na kidonge. Kilikuwamo ndani ya seli siku zote.

Kutengeneza kitu kidogo cha kumezwa kinachoweza kukaa kwenye mfuo ule, wengi walisema haiwezekani, kwa sababu protini mbili zinapokumbatiana huwa hakuna shimo la wazi la kutia dawa. Timu ya Stephen Fesik katika kampuni ya Abbott ilitumia sumaku kubwa za maabara kutafuta vipande vidogo vya kemikali vinavyoshika sehemu moja ya mfuo, na vingine vinavyoshika sehemu ya jirani, kisha wakaviunganisha. Mwaka 2005 walitangaza ABT-737, ambayo ilifanya kazi lakini haikufaa kumezwa. Iliyofuata, navitoclax, ilimezwa, na hapo wagonjwa wakaanza kupungukiwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ilikuwa inamshika pia ndugu wa BCL-2 aitwaye BCL-XL, na kumbe chembe sahani huishi kwa kumtegemea huyo. Ikabidi wakae tena mezani, wabadilishe umbo la dawa mpaka imwachie BCL-XL na kumshika BCL-2 peke yake. Hiyo ndiyo venetoclax, iliyoelezwa mwaka 2013 na kuidhinishwa Marekani Aprili 2016. Hesabu miaka kutoka 1988. Baba alisema sumu haichagui. Watu wale walifanya kazi miaka yote hiyo ili dawa ichague.

Daktari alikuwa na sababu nyingine ya kuichagua kwa ajili yake. Vipimo vilionyesha kwamba seli zake zimepoteza kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya p53. Huyu p53 ndiye anayepiga mbiu DNA inapoharibika, na karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina hitilafu naye. Kemo nyingi huharibu DNA kisha hutegemea p53 apige mbiu ili seli ife. Kwa Baba, DNA ingeharibika na mbiu isipigwe. Angeumia yeye, saratani ibaki. Venetoclax inaingia hatua ya baada ya hapo, kwenye mkono wenyewe, haihitaji mbiu. Na idhini ile ya kwanza ya mwaka 2016 ilikuwa ya wagonjwa waliopoteza kipande hiki hiki, ingawa kwa waliokwisha kutibiwa kwa dawa nyingine.

Siku ya nne jioni Baba aliniambia nimpigie daktari.

Nataka kueleza usiku wa dozi ya kwanza kwa sababu habari yenu iliandika kwamba dawa hizi "hazina madhara". Hapo mlikosea kwa upande wa pili, na kosa hilo linaweza kuua. Seli nyingi zikipukutika kwa pamoja, seli walaji na figo hazimudu kuzisafisha. Potasiamu na fosfeti zinajaa kwenye damu, asidi ya yuriki inapanda, figo zinaziba, moyo unaweza kupoteza mapigo. Katika majaribio ya awali wapo waliofariki hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusu wagonjwa 116: katika kundi la kwanza la 56, watatu walipata hali hiyo na mmoja akafa. Ratiba ikabadilishwa, dozi ikawa inapandishwa polepole zaidi, na katika kundi la pili la 60 hakupatikana hata mmoja. Kwa jumla asilimia 79 walipata nafuu ya kupimika, na asilimia 20 ugonjwa haukuonekana tena kwa vipimo vya kawaida.

Ndiyo maana ratiba ni ya wiki tano: miligramu 20, kisha 50, 100, 200, mpaka 400. Siku kadhaa kabla ya dozi, Baba alianza vidonge vya kushusha asidi ya yuriki na kunywa maji mengi kuliko alivyozoea. Alimeza vile viwili vya manjano baada ya kula. Saa ya nne, ya nane, ya kumi na mbili na ya ishirini na nne tangu ameze, muuguzi alikuja kumtoa damu. Sikuruhusiwa kuipima mimi, na ilikuwa sawa. Alipima mwenzangu wa zamu. Nilikaa kwenye korido nikijua hasa ni namba zipi zinatoka kwenye mashine, na kila mlango wa maabara ulipofunguka niliinuka. Saa ya nane potasiamu ilipanda kidogo. Waliongeza dripu, wakapima tena, ikashuka. Baba mwenyewe alikuwa amelala.

Asubuhi akashika shingo yake, akasema labda ni mawazo yake tu, lakini anaona kola imelegea.

Lipo na hili ambalo lazima liandikwe. Mlisema dawa hizi "zitamaliza saratani za aina zote". Seli za lukemia hii zinamtegemea BCL-2 sana, ndiyo sababu zinaanguka kirahisi. Saratani nyingi za matiti, mapafu au utumbo hujishikiza kwa ndugu wengine, BCL-XL au MCL-1, na hao wanazilinda pia chembe sahani na moyo. Dawa kadhaa za kumzuia MCL-1 zilisimamishwa majaribioni kwa sababu ya dalili za moyo kuumia. Dawa za kuamsha kifo kutoka mlango wa nje wa seli ziliwapa watu matumaini makubwa, kisha zikashindwa zilipopimwa kwa wagonjwa. Hata kwa BCL-2, seli hujifunza: mwaka 2019 ilielezwa badiliko moja dogo kwenye ule mfuo linaloifanya venetoclax iteleze. Baba haya yote anayajua, nilimweleza mwenyewe. Aliniuliza kama yake itateleza lini. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu tunampima. Alikubali jibu hilo kuliko alivyokubali "hazina madhara".

Ninachoomba ni vitu viwili. Kwanza, gazeti lichape masahihisho, tena mahali pa kuonekana, kwamba dawa hizi huanza kwa dozi ndogo chini ya uangalizi wa karibu na haziponyi saratani zote. Kuna mgonjwa huko aliyesoma "hazina madhara" na anaona kwenda kutolewa damu mara nne kwa siku ni usumbufu tu. Pili, mwandishi wenu ajaribu neno kupukutika. Wanafunzi wanaojifunza kazi kwangu nimeshaanza kuwafundisha kwa neno hilo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza maana yake.

Baba sasa yuko kwenye miligramu 400. Jumatatu iliyopita alipokuja kutolewa damu aliomba tena kiti changu. Nikampakia kioo. Alizungusha lenzi mwenyewe, akatafuta sana, akapata limfosaiti tatu na neutrofili, seli nyeupe za aina nyingine, zenye viini vya vipingili vipingili, ambazo hakuwa ameziona mara ya kwanza kwa msongamano uliokuwapo. Akaniuliza zile nyingine zimekwenda wapi. Nikamwambia zimeliwa na seli walaji, Baba, na vipande vyake mwili umevitumia tena. Akarudisha jicho kwenye lenzi, na mimi nikamwacha hapo nikaenda kupokea sampuli za asubuhi.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mtaalamu wa maabara ya damu